Maji Yaliposimama

Jumatatu, 3 Agosti
Wanafunzi wameondoka juzi. Shule imebaki na watu watatu: mlinzi getini, Bi Mkuu ofisini kwake siku akijisikia kuja, na mimi huku kwenye bwawa la kuogelea. Bi Mkuu amenipa daftari jipya la kuandikia vipimo vya maji. Vipimo vinakula mistari miwili kwa siku. Kurasa za nyuma nitaandika yangu, maana mtu ukishinda siku nzima bila kusema neno, ulimi unaota kutu.

Fundi alimaliza plasta jana jioni, leo asubuhi amekuja kuikagua. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, wanamwita Fundi Mwiko kwa sababu hamruhusu mtu kugusa mwiko wake wa kazi. "Mwiko wangu ni mwiko," anasema, na kila akisema anacheka kama ndiyo mara ya kwanza. Anaongea mno. Tangu wiki iliyopita nimeshajua habari za magoti ya mkewe, za jirani yake mwenye redio, na za kila bwawa alilowahi kupaka. Lakini kazi anaijua. Bwawa limetoka jeupe pee, laini kama ganda la yai.

Kabla ya kuondoka alinikabidhi mpira wa maji, mdomo wake umefungwa gunia usichimbe plasta. "Dada, nisikilize. Maji yakianza kuingia, yasisimame mpaka yafike kwenye vigae vya juu. Yakisimama, plasta ya chini inakunywa, ya juu inaungua na jua. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Nimewasha pampu saa nne.

Jumanne, 4 Agosti
Joto kali. Maji yamefika kifuani. Mwanangu alipiga simu.

Jumatano, 5 Agosti
Maji yamefika kwenye vigae jioni. Kuanzia leo napiga brashi: kuta, ngazi, sakafu, mara mbili kwa siku, siku ishirini na nane, mpaka plasta ikomae. Brashi ina mpini mrefu kuliko mimi mara tatu.

Ijumaa, 7 Agosti
Vumbi la plasta limetulia, maji yameng'aa, na nimeona. Ukuta wa mashariki una mstari. Umenyooka kama uliopigwa kwa rula, usawa wa kifua, toka pembe hadi pembe. Chini ya mstari plasta ni ya kijivu. Juu yake imepauka, halafu ina mabaka kama mawingu. Ukuta wa magharibi nao una mstari, ila hafifu.

Nimepiga brashi pale mpaka mabega yakaniwaka. Hautoki.

Jumamosi, 8 Agosti
Bi Mkuu amemwita fundi. Amekuja na baiskeli, akasimama ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza. Alizunguka bwawa mara mbili. Akachutama, akaweka kiganja juu ya macho.

"Dada, maji hayakusimama?"

"Hayakusimama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, fundi."

Akatikisa kichwa. "Basi ni mimi. Labda vijana waliokuwa wakikoroga walizidisha maji. Au mwiko nimeukandamiza mno upande huu." Alisema atakuja kila baada ya siku mbili tatu kuangalia. Nikampa chai. Aliinywa akiongea, lakini macho yake yalikuwa ukutani.

Jumapili, 9 Agosti
Leo naandika nililoliruka Jumanne, kwa sababu nimegundua kwamba hata humu, kwenye daftari asilolisoma mtu, nilidanganya.

Mwanangu aliolewa mbali, huu mwaka wa tatu. Mjukuu wangu namjua kwa picha tu. Jumanne saa saba mchana alipiga simu: yuko njiani na mtoto, anakwenda kwa shangazi wa mumewe, na basi lao litasimama stendi ya hapa saa nane. Robo saa tu. "Ukiweza, mama, njoo tuonane."

Ukiweza!

Pampu yetu ni kuukuu. Haiachwi peke yake, inachemka ikaungua. Nikaizima. Nilijiambia ni nusu saa, plasta haiwezi kujua. Nikachukua sweta niliyomfumia mtoto, nikaenda, nikakaa kwenye benchi ya stendi. Basi la saa nane likaja, wakashuka wanaume wawili na mwanamke mwenye kuku. Nikasema labda ni la saa tisa. Nikasema labda la saa kumi. Kila basi lilipoingia nilisimama, nikajinyoosha gauni, nikakaa tena. Muuza maji akaanza kunionea huruma, akaniwekea kiti kivulini.

Saa kumi na moja nilirudi na kuwasha pampu. Jioni ukaja ujumbe: "Samahani mama, usingizi ulinipitia, nimeshtuka tumeshapita. Natumaini hukuja stendi." Nikajibu: "Wala, mwanangu. Kazi zilinibana."

Maji yalisimama kwa muda wa saa tatu na nusu, jua la alasiri likipiga ukuta wa mashariki. Mstari ule ni wangu.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimepiga brashi. Upepo na vumbi.

Jumanne, 11 Agosti
Fundi amekuja na msasa mwembamba ameufunga kwenye ubao. Alisugua sehemu ndogo ya ukuta, tukangoja maji yatulie. Pakatoka baka jingine jipya, jeupe, kama kiraka kwenye suruali. "Sasa nimemtia mgonjwa kidonda," akasema. Tulicheka. Alikaa saa nzima.

Alipoondoka nikaona kimya kilichobaki ni kikubwa kuliko kile cha kabla hajaja.

Ijumaa, 14 Agosti
Fundi hakuja. Niliosha vikombe viwili asubuhi, nikakirudisha kimoja kabatini.

Jumamosi, 15 Agosti
Amekuja. Magoti ya mkewe yana nafuu. Yule jirani ameuza redio, sasa fundi analalamika mtaa umepoa. Nilikuwa namwona msumbufu. Kumbe mtu mwenye maneno mengi ni kama jiko lenye moto, ukikaa karibu unapata joto bila kuomba. Nilikuwa nimeazimia kumwambia. Halafu nikawaza: nikimwambia, atakuja tena kufanya nini?

Nimeliandika ili nilione lilivyo. Ninaogopa Bi Mkuu, ndiyo. Lakini Bi Mkuu siye aliyenifunga mdomo leo.

Jumapili, 16 Agosti
Mwanangu hakupiga simu.

Jumanne, 18 Agosti
Bi Mkuu amekuja bwawani na viatu vyake vya kisigino. "Hili ni bwawa au ramani?" akauliza. Akasema bibi msimamizi wa hospitali anataka bwawa lao la mazoezi ya viungo lipakwe upya, na yeye Bi Mkuu alikuwa amemsifia Fundi Mwiko kwake. "Sasa nimsifie kwa lipi? Nitamwandikia asimchukue. Na huyu mzee itabidi atie saini barua ya kukiri kazi mbovu, tuitunze kwenye faili."

Akanitazama. "Wewe ndiye ulikuwa hapa. Alifanya haraka?"

"Hakufanya haraka, Bi Mkuu."

"Basi amezeeka." Akaondoka akikanyaga kwa uangalifu, asiteleze.

Nilipaswa kusema pale pale. Alikuwa hatua tatu mbele yangu. Nilihesabu visigino vyake hadi vikaisha kusikika.

Alhamisi, 20 Agosti
Fundi hakucheka leo. Nilimpa chai, akaishika tu.

"Jana nilimwambia mke wangu apange sahani mezani," akasema. "Nyeupe kabisa na zile za rangi ya maziwa. Nizitenganishe. Nilizitenganisha zote, dada. Kwa hiyo si macho."

"Sasa ni nini?"

"Miaka thelathini na minane, mkono wangu ukipita ukutani najua umepita wapi. Huu ukuta nimeurudia kichwani kila siku, kipande kwa kipande. Sioni nilipokosea. Na hilo ndilo linalonitisha. Kukosea si kitu. Kukosea usikumbuke..." Akakiweka kikombe chini. "Marehemu baba alianza hivyo hivyo. Vitu vidogo. Mwishoni alikuwa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani."

Nikasema, "Huenda si wewe."

"Unanipoza tu," akasema. "Asante."

Jumamosi, 22 Agosti
Nimepiga brashi mara moja tu. Sikuwa na nguvu.

Mlinzi amenisimamisha nilipokuwa napita kwenda dukani. Ni mtu nisiyemzoea. Siku zote nilimdhania mmbea, kwa jinsi anavyoandika kila anayeingia na kutoka. "Mama," akasema akitazama pembeni, "kile kitabu cha geti, ukurasa wa tarehe nne Agosti, chai imeumwagikia. Hausomeki."

Nilielewa. Siku ile alikuwa ameniandika: kutoka saa saba na nusu, kurudi saa kumi na moja. Wiki tatu hizi alijua, na hakumwambia mtu.

"Ilimwagika yenyewe?" nikauliza.

"Chai haina miguu, mama."

Nikamshukuru. Nilipofika dukani nikasahau nilichokwenda kununua. Mtu wa watu ameharibu kitabu cha kazi yake kwa ajili yangu, na wala sikumwomba. Uongo wangu umeanza kuajiri wasaidizi.

Jumanne, 25 Agosti
Nimemwambia. Nitaandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Fundi alikuja saa tatu. Mawingu yalikuwa yametanda, siku ya kwanza bila jua kali. Alikuja bila mfuko wake wa vifaa. Nikamuuliza mwiko uko wapi.

"Nimempa mpwa wangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Umemwazima?"

"Nimempa. Ana mkono mzuri yule, na kichwa chake bado kizima. Nimekuja kutia saini ile barua ya Bi Mkuu, halafu nikaona nipite nikuage. Umenivumilia sana, dada."

Akakaa kwenye ngazi ya juu, akakunja suruali, akatumbukiza miguu majini kama mtoto. Nami nikakaa, mbali kidogo naye. Sikutafuta maneno mazuri. Nikasema:

"Fundi, maji yalisimama."

Hakugeuka.

"Siku ya pili, Jumanne. Nilizima pampu saa saba na nusu, nikaiwasha saa kumi na moja. Nilikwenda stendi. Ulivyoniuliza nilikudanganya."

Halafu akauliza, kwa sauti ya kazi kabisa, "Maji yalikuwa usawa gani?"

"Kifuani."

"Jua?"

"Kali. Halikuwa na hata wingu."

"Alasiri," akasema. "Alasiri jua linakuwa kule, linapiga huku." Akasimama, miguu ikichuruzika maji, akanyoosha mkono toka magharibi hadi mashariki. "Ndiyo maana ukuta huu ndio umeungua zaidi! Ndiyo maana umenyooka! Mkono wa mtu haukosei kwa mstari ulionyooka!" Akaanza kucheka. Alipiga makofi. Alinishika mabega akanitikisa. "Si mimi! Dada, si kichwa changu! Si mimi!"

Nami nikacheka, mjinga mimi. Nilidhani imekwisha hapo.

Mikono yake ikabaki mabegani kwangu, lakini kicheko kikamtoka usoni polepole. Akaiondoa.

"Wiki tatu," akasema.

"Fundi..."

"Wiki tatu nakuja hapa. Unanikaribisha, unanipa chai. Nimekusimulia habari za baba yangu. Mke wangu amelia, unajua? Alivyopanga zile sahani alizifuta moja moja kwanza. Na wewe ulikuwa unajua."

"Niliogopa kazi yangu."

"Hiyo naielewa. Kila mtu anaogopa kazi yake."

Ningeweza kuishia hapo. Nikamwambia na lile jingine: kwamba nilikuwa napenda akija, kwamba ningesema, asingekuja tena. Lilisikika baya zaidi nje kuliko lilivyokuwa ndani.

"Kwa hiyo uliniweka mgonjwa ili uwe na mgeni," akasema.

Akavaa viatu bila kukausha miguu, akachukua baiskeli. Chai yake ilibaki imejaa. Manyunyu yakaanza, nikakaa pale pale mpaka nikalowa.

Jumatano, 26 Agosti
Nimekwenda kwa Bi Mkuu kabla hajaketi. Nilisema nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kwa nini hukumwomba mtu akae na pampu?"

"Sikuwa na mtu, Bi Mkuu."

"Mlinzi alikuwepo getini. Mimi mwenyewe nilikuwa ofisini siku hiyo, natafuta sababu ya kuyakimbia mafaili. Ningekuja na kiti changu."

Miaka tisa nafanya kazi hapa na halijanijia hata mara moja, hata siku ile, wazo la kugonga mlango wa mtu na kusema naomba.

Amenipa barua ya onyo. Ya fundi ameichana mbele yangu. Kisha akapiga simu hospitalini, nami nikisikia, akasema, "Yule fundi ni mzuri. Kosa lilikuwa la kwetu." Amesema, "la kwetu." Nilimjua mwanamke huyu kwa visigino vyake tu.

Habari za mlinzi sikuzitaja, wala hakuniuliza.

Alhamisi, 27 Agosti
Brashi asubuhi, brashi jioni.

Ijumaa, 28 Agosti
Brashi. Mvua kidogo.

Jumapili, 30 Agosti
Nimempigia mwanangu mimi. Huwa nangoja apige yeye, nisimsumbue.

Tuliulizana hali. Mtoto ameota meno mawili. Halafu nikasema, "Siku ile ya basi, nilikuja. Nilikungoja mpaka saa kumi na moja."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Mama, si ulisema kazi zilikubana?"

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Usijisikie vibaya."

Akaanza kulia, kisha akakasirika. "Mimi nimekaa mwezi mzima nikijua hukutaka kuja! Robo saa tu, na hukutaka! Nilimwambia mume wangu, mama yangu kazi yake ni muhimu kuliko mimi." Nikamwambia haikuwa hivyo. "Sasa ningejuaje?" akasema. "Wewe husemi kitu. Hujawahi kusema kitu."

Hatukuagana vizuri. Lakini tumezungumza dakika arobaini. Hatujawahi kufika hata kumi.

Jumatano, 2 Septemba
Siku ishirini na nane zimetimia. Bi Mkuu amekubaliana na fundi: maji yatolewe, kuta zioshwe kwa asidi iliyozimuliwa. Nimefungua bomba la kutolea maji. Bwawa tupu linarudisha sauti, nilikohoa, likanikoholea.

Ijumaa, 4 Septemba
Fundi amekuja na vijana wawili, wote wamevaa mabuti na barakoa. Mwiko umerudi mkononi mwake, ingawa kazi ya leo haikuuhitaji. Alitembea nao tu.

Hakunisalimu. Alikuwa akitaka kitu anawaambia wale vijana: "Mwambieni mwenye pampu awashe." Nami nimesimama hatua mbili. Mmoja ananigeukia kwa aibu, "Mama, anasema uwashe." Nawasha. "Mwambieni inatosha." Nazima. Walimwaga asidi kutoka juu kwenda chini, wakasugua, wakasuuza haraka kabla haijala plasta. Moshi mweupe, harufu ya kukaba koo. Nilileta chai vikombe vitatu. Vijana walikunywa. Chake kilirudi kama kilivyokwenda.

Saa kumi walimaliza. Mabaka yametoka. Mstari umefifia, ila upo, ukijua pa kutazama.

Fundi alisimama mbele yake akiwa peke yake. "Huo hautoki tena," akasema. Hakuwa akimwambia kijana yeyote. Wala hakunitazama.

Jumapili, 6 Septemba
Bwawa limejaa. Safari hii Bi Mkuu alikuja kweli na kiti chake na mafaili, akakaa na pampu kwa saa mbili nami nikalala. Mwanangu ametuma picha ya yale meno.

Jumatatu, 14 Septemba
Shule imefunguliwa. Kelele kila mahali. Mvua za kweli zimeanza.

Jumanne, 15 Septemba
Kidato cha kwanza wameingia majini. Mmoja, mfupi, mwenye kofia ya kuogelea inayomzidi, ameshika ukingo wa mashariki akaniuliza, "Mama Bwawa, huu mstari ni wa nini?"

Miaka yote wasichana wakiniuliza kitu nawaambia, "Ogelea, maswali darasani." Leo nikasema, "Niliacha kazi nikaenda kumngoja mwanangu. Maji yakasimama."

Akafikiri. "Alikuja?"

"Hakuja. Alilala kwenye basi."

"Pole," akasema, akazama, akaibukia upande wa pili.

Alhamisi, 17 Septemba
Fundi amekuja. Hakuingia, alisimama nje ya uzio wa bwawa na baiskeli yake, wasichana wakipiga kelele nyuma yangu, ikabidi nisogee ili nimsikie.

"Bwawa la hospitali nimelipaka," akasema. "Jumamosi tunajaza maji. Siku mbili."

"Hongera, fundi."

"Sijakusamehe. Usinielewe vibaya."

"Sijasema umenisamehe."

"Mke wangu ndiye anayesema nikusamehe. Yeye magoti yamepona sasa ana nafasi ya kuingilia mambo ya watu." Alikaribia kucheka, akajizuia, akakagua breki ya baiskeli ambayo haikuwa na tatizo. "Wale vijana nikiwaachia pampu watalala. Nataka mtu wa kukaa nayo. Mtu anayejua maji yakisimama inakuwaje."

Nilishika waya wa uzio. Nikamwambia nitakuja.

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasema, akapanda baiskeli. Alipofika kwenye kona akapiga kelele bila kugeuka, "Na chai uje nayo! Ya hospitali ni maji ya kuoshea vyombo!"

Jumamosi na Jumapili wasichana wanaogelea, na lazima awepo mtu wa kuangalia pampu na kichujio hapa. Nilikwenda getini. Mlinzi alikuwa anaandika gari lililoingia. Nilisimama pale dakika nzima, nikageuka kuondoka, nikarudi tena.

"Naomba unisaidie jambo," nikasema.

Akafunga kitabu, akanisogezea kiti chake. "Sema, mama."